Karibu wagonjwa wote wa saratani kuthibitishwa maabara si lazima iwe habari njema

Ndugu, umeuliza kama rejista yenu ya saratani, yaani kumbukumbu za wagonjwa wote wa saratani wa eneo lenu, ni bora kwa kuwa karibu wagonjwa wote wamethibitishwa kwa kipimo cha kinyama, yaani kipande kidogo cha uvimbe kinachochunguzwa maabara. Mimi ningeingiwa na wasiwasi hapohapo, hasa kwenye saratani za ini na kongosho, ambazo mara nyingi hutambuliwa kwa picha za ndani ya mwili tu. Huenda mnategemea maabara mno, na wagonjwa wasiofika huko hamuwaoni kabisa. Pitieni wodi, vitengo vya mionzi na vyeti vya vifo. Kesi inayojulikana kwa cheti cha kifo pekee ifuatilieni hospitalini kabla ya kuihesabu hivyo. Kisha, kwa kila aina ya saratani, linganisheni vifo na wagonjwa wapya: vifo vikizidi, yaelekea kuna watu mliowakosa. Rekodi zilizojirudia ziondoeni mapema.