Mazoezi pekupeku: maswali yenu kutoka Kusini

Shikamoo mwalimu. Nipo Shangani, Mtwara. Juzi nilivua raba nikakimbia ufukweni karibu saa nzima. Sasa vigimbi vinauma, hata kushuka ngazi ni shida. Nimeumia?

Marahaba, na pole sana. Maumivu ya vigimbi vyote viwili baada ya mbio za namna hiyo kwa kawaida ni misuli iliyoshtuliwa, hupoa baada ya siku chache. Raba zenye soli nene huwafanya wengi watue kwa kisigino. Ukizivua, mguu unakwepa ule mshindo, unatua kwa mbele ya unyayo. Mtafiti Daniel Lieberman wa Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, na wenzake walilionyesha hilo mwaka 2010, walipowapima wakimbiaji wakiwemo Wakenya waliokua bila viatu. Kisigino kinaepuka kishindo, lakini mzigo unahamia kwenye kigimbi na kano yake. Mwethiopia Abebe Bikila alishinda marathoni ya Olimpiki ya Roma mwaka 1960 pekupeku, ila nyayo zake zilishazoea.

Wewe anza na dakika 5, mara mbili kwa wiki, halafu uvae raba umalizie. Subiri maji yakupwe ukimbie kwenye mchanga mbichi ulioshikana, maana ule mkavu unakula nguvu. Na ufukwe umeinama: rudi kwa njia uliyoendea, mguu mmoja usielemewe. Pakitokea mahali pamoja upande wa juu wa unyayo panapouma ukibonyeza, na hapapoi, acha mbio uende hospitali. Huenda mfupa una ufa.

Mwanangu ana miaka 9, anacheza mpira pekupeku shuleni hapa Lindi. Nimnunulie njumu?

Mama, si lazima njumu. Raba nyepesi za kitambaa zinatosha. Kutembea pekupeku kunaimarisha nyayo za mtoto, kwa hiyo nyumbani na mahali safi mwache avue. Ninachokiogopa ni uwanja wenyewe. Mchanga wenye unyevu, ukichafuliwa na kinyesi, unalea minyoo ya safura. Inapenya ngozi ya unyayo, inafika utumboni, inanyonya damu hadi mtoto anapauka na kusinzia darasani. Dawa za minyoo zikitolewa shuleni asikose. Ulizia pia chanjo yake ya pepopunda.

Natembea majini Mikindani kila asubuhi kwa mazoezi. Nikichomwa na taa, yule samaki mwenye mwiba mkiani, nifanye nini?

Tumbukiza mguu kwenye maji ya moto unayoweza kuyavumilia, dakika 30 au zaidi, kisha nenda zahanati hata kama maumivu yametulia. Ukiwa majini buruta nyayo, usiinue, ili taa akusikie aondoke. Palipo na matumbawe vaa viatu.

Nina sukari, nina miaka 62, nipo Masasi. Wenzangu wananishawishi tutembee pekupeku.

Mzee wangu, nakusihi usikubali, hata uani kwako. Sukari huua hisia za miguu polepole. Unaweza kukanyaga msumari ukaendelea na safari, ukaja kuona damu kwenye shuka. Kidonda cha namna hiyo kimewakatisha wengi mguu. Kutembea endelea nako, kunashusha sukari, lakini kwa viatu vilivyofungwa mbele na soksi, na uvikung'ute kabla ya kuvaa. Kila jioni mjukuu akumulikie nyayo kwa tochi, mpaka katikati ya vidole. Akiona lengelenge msilitumbue. Kesho yake asubuhi uwe kliniki.