Mguu chini ya goti: msikariri msuli mmoja mmoja, anzeni na vyumba

Wadogo zangu mnaoanza fizio ama ukliniki hapa Kampala, hiyo ya kukariri kila msuli na neva yake itawachosha bure, siku ya mtihani yote yanayeyuka. Anzeni na vyumba, yaani makundi ya misuli yaliyotengwa kwa utando, kila kundi na neva yake. Chumba cha mbele ni neva ya fibula ya ndani (fibula ni ule mfupa mwembamba wa upande wa nje), inainua wayo na vidole. Cha pembeni kwa nje ni neva ya fibula ya juujuu, inageuza unyayo uangalie nje. Nyuma, kigimbi chote na misuli iliyojificha chini yake, ni neva ya tibia, hiyo ndo inakusimamisha kwa vidole.

Sasa pa kukazia akili ni shingo ya fibula. Jipapase saa hii, nje ya mguu chini kidogo ya goti kuna nundu ya mfupa, shuka kidogo ndo hapo, neva ya fibula inazunguka mfupa ikiwa chini ya ngozi tu na kwa kawaida haijagawanyika vizuri, kwa hiyo ikiumia vyumba viwili vinalala pamoja. Boda ikimlalia mtu upande huo, ama plasta ikabana hapo, wayo unaning'inia na anatembea akinyanyua goti ili vidole visikwaruze chini. Kila mgonjwa wa plasta mwambie ainue dole gumba la mguu, kabla ya kufunga na baada, na uandike kwenye faili, tafadhali!

Lakini wayo ukining'inia usikimbilie kusema ni fibula, inaweza kuwa mzizi wa L5 mgongoni, yaani neva ya tano ya kiuno pale inapotoka kwenye uti wa mgongo. Mnyanyulie wayo wewe mwenyewe halafu mwambie ageuze unyayo uangalie ndani. Kazi hiyo ni ya msuli wa tibialisi posteria, inalishwa na neva ya tibia ila nyuzi zake zinatoka L5. Akigeuza kwa nguvu, rudi kwenye fibula. Akishindwa, panda juu, angalia nyonga na mgongo.

Kwa watoto ulizia sindano. Uganda tumekuwa na watoto waliochomwa kwinini makalioni mguu ukapooza, neva ya siatiki, ile kubwa inayoshuka mguuni na kuzaa ya tibia na ya fibula, inapita pale na sehemu yake ya fibula ndo huumia zaidi. Mtoto mdogo achomwe paja, mbele kwa nje. Na hata mama akikwambia mguu ulilegea mara tu baada ya sindano, mtoto wa chini ya miaka 15 aliyelegea ghafla lazima aripotiwe kwa ajili ya polio, sampuli mbili za choo, zipishane angalau saa 24.