Kabla Hujatangaza Idadi ya Jeni za Mwanzi

Kama unataka kuchunguza familia nzima ya jeni zinazousaidia mwanzi kuhimili ukame, chumvi au baridi, ushauri wangu ni mmoja: usiiamini orodha ya kompyuta kabla hujaipitia kwa macho yako.

Chukua familia ya WRKY, ninayoipenda kuliko zote: jeni za protini zinazoshika DNA na kuwasha au kuzima jeni nyingine. Protini zake hutambulika kwa mfuatano wa asidi amino saba, WRKYGQK, unaofuatiwa na kidole cha zinki, yaani sehemu ya protini inayoshikiliwa umbo lake na zinki. Programu ya HMMER itakutafutia zote upesi sana. Kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Mimi huipanga mifuatano sambamba na kuikagua mmoja mmoja: upi umekatika, upi umejirudia kwa jina jingine, upi una WRKYGKK badala ya WRKYGQK. Huo wa mwisho usiutupe! Ni badiliko linalojulikana katika mimea mingi, na linaweza kugeuza namna protini inavyoshika DNA.

Angalia pia toleo la jenomu, yaani DNA yote ya mmea, unalolitumia. Ile ya mwanzi moso wa China, Phyllostachys edulis, ilichapishwa mwaka 2013 ikiwa bado vipande vipande. Toleo la 2018 liliipanga hadi ngazi ya kromosomu. Kwa vipande pekee ni vigumu kujua kama jeni mbili zinazofanana ni majirani waliojirudia papo hapo, au zilitokana na jenomu nzima kuongezeka maradufu. Moso una kromosomu 48, mpunga 24, kwa hiyo kukuta jeni mbili za mwanzi kwa moja ya mpunga si ajabu. La kuuliza ni kama zote mbili zingali na kazi ileile.

Jibu hulipati kwenye promota, ile sehemu ya DNA iliyo mwanzoni mwa jeni inayoongoza kuwashwa kwake. Wengi huhesabu humo vipande vya ABRE, vinavyohusishwa na ABA, homoni inayoongezeka mmea unapokosa maji, wakatangaza kwamba jeni ni ya ukame. Vipande hivyo ni vifupi mno, hutokea hata kwa bahati. Kwangu ni fununu tu, ya kunipeleka kwenye miche, nikapime utendaji wa jeni yenyewe.

Huko, nakusihi: kila unapochuma jani la mche ulionyimwa maji, chuma na la mche ulionyweshwa, saa ileile. Utendaji wa jeni nyingi hupanda na kushuka kufuata mchana na usiku, hata mmea usipopata shida yoyote. Bila ulinganisho huo utadhani ni ukame, kumbe ni saa za siku. Na anza kuchuma mapema, kwani baadhi ya jeni huitika haraka kisha zikatulia.