Pima Sauti Yako Kabla Hujaingia Darasani

Juma lililopita nilipokea ujumbe wa binti mmoja wa Malindi aliye katika mazoezi ya kufundisha. Anasema sauti yake imekauka tangu wiki ya tatu, mwalimu mlezi wake amemshauri atafune tangawizi, na anaogopa kukieleza chuo asije akaonekana hafai kazi. Niliusoma ujumbe huo mara mbili, kwa kuwa miaka 12 iliyopita, nikiwa kwetu Lamu, ningeweza kuuandika mimi.

Shule niliyopangiwa ilinipa darasa la wanafunzi 58 chini ya mabati yasiyo na dari, na baina yetu na darasa la jirani palikuwa na ukuta wa mbao usiofika juu. Mvua ya masika ilipoyapiga yale mabati nilipaza sauti, mwenzangu wa upande wa pili akapaza zaidi, nami nikampita. Binadamu hupandisha sauti bila kujitambua anapozingirwa na kelele. Daktari Mfaransa Étienne Lombard alilieleza jambo hilo mwaka 1911, lakini mimi sikulisikia chuoni. Nilifundishwa maazimio ya kazi, andalio la somo na namna ya kuugawa ubao. Koo lililobeba yote hayo hakuna aliyeliuliza hali.

Kufikia wiki ya nne sauti ilikuwa njema asubuhi, ikififia adhuhuri, na jioni nikibaki na mkwaruzo. Nilikuwa miongoni mwa wasichana wasomao kasida kwenye maulidi ya mtaani, na usiku mmoja, tulipofika pale panapopanda, sauti ilikatika nikabaki nimefungua kinywa. Aliyeketi kando yangu aliupokea ubeti bila kunitazama. Mama alinishika mkono njiani akaniambia, "Mwanangu, haya si mafua."

Siku mbili baadaye alikuja mtathmini, akaketi nyuma ya darasa, akaandika kwenye fomu yake: "Sauti hafifu. Hajiamini." Neno hilo la mwisho linaniuma hadi leo. Nilijiamini kabisa, kilichokuwa kimeharibika ni nyuzi za sauti.

Nilivuka kwa boti hadi Mokowe, nikapanda basi la Mombasa kumwona daktari wa masikio, pua na koo. Alipitisha puani mrija mwembamba wenye taa, nami nikaziona nyuzi zangu kwenye skrini: mbili, nyeupe, na kwenye ukingo wa kila mmoja pameota kinundu kimoja, vikielekeana. Alinieleza kwamba nyuzi za mwanamke hugongana takriban mara 200 kwa sekunde anapozungumza, na anayeilazimisha sauti huzigonganisha kwa nguvu hadi zikaota sugu, kama kiganja cha mpiga makasia. Sikupasuliwa. Mtaalamu wa tiba ya sauti alinifundisha upya kupumua na kusema, vinundu vikanywea, nikarudia mazoezi na kufaulu kwa alama zilizowazidi wengi wa wenzangu.

Kwa hiyo, ndugu mwalimu mwanagenzi, jipime kabla hujaanza, ungali mzima. Ipo hojaji iitwayo Voice Handicap Index, iliyotungwa Marekani mwaka 1997, yenye maswali 30, kila jibu likipewa alama kuanzia 0 hadi 4, jumla 120. Huuliza namna sauti inavyokukwaza katika shughuli zako, unavyohisi kooni, na inavyokuathiri moyoni. Sehemu hiyo ya tatu ndiyo niithaminiyo zaidi, kwa sababu humuuliza mtu kama sauti yake humfanya ajione hafai. Lau mtathmini wangu angeniuliza swali hilo moja, asingeandika alichoandika.

Kipimo cha pili kinataka saa tu. Vuta pumzi, toa "aaa" kwa sauti yako ya kawaida hadi pumzi iishe, urudie mara tatu na kuchukua iliyo ndefu. Mtu mzima mwenye nyuzi salama kwa kawaida hufikisha sekunde 15 au zaidi. Mimi nilifikisha 7. Kisha pima "sss", ambayo ni pumzi tupu, na "zzz", ambayo hutetemesha nyuzi. Ikiwa sekunde za "sss" zikigawanywa kwa za "zzz" zinatoa 1.4 au zaidi, yamkini nyuzi hazifungi sawasawa. Jirekodi pia kwa simu ukisoma aya ileile kila Ijumaa, kwani sikio huzoea ubovu wa sauti yake lenyewe.

Vipimo hivi havitaji ugonjwa, ila humwonyesha anayestahili kutazamwa. Mkwaruzo ukipita wiki 4, nenda kwa daktari. Ukitema damu, ukipumua kwa shida au ukiona uvimbe shingoni, usingoje hata wiki moja. Kunywa maji, usikohoe kwa nguvu kusafisha koo, wala usidhani kunong'ona ni kupumzika. Nanyi wakufunzi mnaokagua andalio la somo mstari kwa mstari, tengeni nusu saa mkague na sauti. Mnawapeleka vijana kazini bila kujua kama chombo chao ni kizima, kisha mnawaandikia kwamba hawajiamini.

Binti wa Malindi amejipima jana usiku: "aaa" sekunde 9, "sss" 16, "zzz" 10. Nimemwomba aziandike namba hizo kwenye karatasi, aambatanishe rekodi zake mbili, na Jumatatu aanzie hospitali kabla ya kwenda shuleni. Karatasi hiyo aipeleke chuoni pia, na jina la huyu anayeandika aliweke chini yake.