Tofali la Karatasi Likipinda, Usikimbilie Saruji

Msomaji wa Kayole, Nairobi, ametuma picha ya matofali ya karatasi (uji wa karatasi uliochanganywa na saruji na mchanga) yaliyopinda kama ndizi, akauliza aongeze saruji kiasi gani. Asiongeze hata kijiko. Shida ni maji yaliyobaki ndani.

Tangu KCPE, mtihani wa darasa la nane, ifanywe mara ya mwisho 2023, vitabu vya shule ya msingi vya mfumo wa 8-4-4 vimejaa stoo, na ni malighafi nzuri mno. Ng'oa majalada yenye nailoni na ukate mgongo wote wenye gundi, kwa maana gundi hailainiki, hujisokota kwenye panga la mashine ya kusagia. Magazeti ya kung'aa yamepakwa udongo mweupe, hivyo nyuzi zake ni chache: yasizidi nusu. Chana kurasa, loweka vitabu siku moja, magazeti siku tatu.

Pipa la lita 200 lichukue maji lita 150 na karatasi kavu kilo 7. Saga hadi uji usiwe na kipande chenye herufi zinazosomeka, ndipo utie saruji kilo 10 na sepetu nne za mchanga. Mfuko mmoja hutoa mapipa matano. Mchanga ndio unaopunguza kusinyaa. Ukiuruka, utaona nyufa. Vaa glavu, saruji mbichi hula ngozi.

Sasa kukamua, kazi ambayo wengi huifanya kwa haraka. Kalibu isiwe na kitako; iweke juu ya wavu, jaza, kisha kandamiza kwa ubao hadi maji yaache kutiririka. Jaza tena, kwa kuwa uji hushuka sana. Siku ya tatu simamisha tofali kwa ubavu, ligeuze kila siku, upepo upite pande zote. Usilimwagilie kama tofali la saruji: karatasi imeshika maji ya kutosha. Lipime kwa mizani kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, limekauka. Januari na Februari ndiyo miezi yake. Julai ya Nairobi itakupa ukungu.

Usilibebeshe paa. Jengea kati ya nguzo, juu ya mistari miwili ya mawe ya Ndarugo (mawe magumu ya kuchonga) na nailoni ya kuzuia unyevu, maana hunyonya maji kama sponji. Piga plasta pande zote mbili, nje na ndani pia, tafadhali: moto ukilipata tofali tupu haulipuki, hufukuta ndani kwa saa nyingi bila mtu kuuona.