Uliza Ujibiwe: Masharti ya Uzamili na Uzamivu wa Uhandisi Tiba

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja: mtu anatakiwa awe na nini ili asomee uzamili au uzamivu wa uhandisi tiba, fani inayobuni na kutunza mashine za hospitali, viungo bandia na programu za uchunguzi wa magonjwa. Tumechagua sita.

Nina shahada ya uhandisi wa umeme, GPA 3.6. Nataka kuomba uzamili wa uhandisi tiba Marekani, lakini biolojia niliiacha kidato cha nne. Watanikubali kweli? Msomaji, Dodoma

Ndugu msomaji, jina la shahada yako si kikwazo. Idara nyingi za Marekani hupokea wahandisi wa umeme, mitambo, kemikali na kompyuta, pamoja na wahitimu wa fizikia. Kamati ya udahili hufungua transkripti na kutafuta masomo, moja baada ya jingine: kalkulasi hadi ile ya vigeu vingi, milinganyo tofautishi, aljebra ya mstari, takwimu, fizikia ya mihula miwili, kemia, lugha moja ya programu kama Python au MATLAB, na fiziolojia ya binadamu au biolojia ya seli. Wewe karibu yote unayo. Pengo lako ni fiziolojia, na hilo ni pengo jepesi. Mwenzako aliyesoma biolojia au famasia ana kazi kubwa zaidi, kwa sababu hisabati anayoikosa hujengwa somo juu ya somo na huchukua mwaka au zaidi.

Usiidharau fiziolojia lakini. Chukua mfano wa mashine ya ECG, ile inayochora umeme wa moyo. Umeme wa moyo ukifika kwenye ngozi huwa na ukubwa wa takriban milivolti 1, nao umezungukwa na mvumo wa hertzi 50 kutoka kwenye nyaya za ukutani. Mhandisi wa umeme anajua kuukuza na kuuchuja. Akiona mchoro unayumba mgonjwa anapopumua, hupandisha kikomo cha chini cha kichujio kutoka hertzi 0.05 hadi 0.5, na mchoro unatulia vizuri. Asichokijua ni kwamba kichujio hicho kinaweza kupotosha sehemu ya ST, kipande cha mchoro kinachofuata kilele cha pigo la moyo, ambayo daktari huitazama akishuku shambulio la moyo. Mchoro unapendeza, mgonjwa anasomwa vibaya. Ndiyo maana idara hazisamehi somo hili.

Lisome kwenye chuo kinachotoa alama rasmi. Cheti cha kozi fupi ya mtandaoni kinaonyesha hamu tu, hakihesabiwi kama alama. Kisha ambatisha maelezo ya masomo yako ya shahada ya kwanza, aya moja kwa kila somo. Transkripti zetu nyingi huandika “Hisabati ya Uhandisi III” bila kusema ndani yake mna nini, na msomaji aliye ng'ambo hawezi kukisia kwamba humo ndimo ulimosomea milinganyo tofautishi. Waombaji wazuri hukataliwa kwa sababu ya mstari huo mmoja. Mtihani wa GRE, ule wa kuombea masomo ya juu ya shahada ya kwanza, umeondolewa na idara nyingi, si zote, hivyo angalia ukurasa wa idara yenyewe. Ukurasa wa chuo kizima hautoshi. Kipimo cha Kiingereza bado hudaiwa mara nyingi hata kama ulisoma kwa Kiingereza, ingawa vipo vyuo vinavyokubali barua ya msajili inayothibitisha hivyo.

Chuo kimoja kinasema krediti 30, kingine 120, kingine 180. Kipi kigumu? Msomaji, Kigoma

Huwezi kulinganisha namba hizo jinsi zilivyo. Krediti moja ya Marekani ni takriban saa moja ya darasani kwa wiki katika muhula mzima, bila kuhesabu kazi ya nyumbani. Krediti ya Ulaya ni saa 25 hadi 30 za kazi yote. Ya Uingereza ni saa 10, na ya Tanzania vilevile 10. Kwa hiyo 30 za Marekani ni mwaka mmoja na nusu hadi miwili, 120 za Ujerumani au Ubelgiji ni miaka miwili, na 180 za Uingereza ni miezi 12 mfululizo, ambapo 60 kwa kawaida ni za mradi.

Panapoumiza watu ni ndani ya zile 30 za Marekani. Mgawanyo wa kawaida ni masomo ya msingi ya fani, somo moja la hisabati au takwimu za juu, moja la fiziolojia, ya kuchagua mawili au matatu, na krediti 6 hadi 9 za tasnifu. Asiyeandika tasnifu huchukua masomo 10 ya krediti 3. Sasa, masomo ya kuziba pengo hayahesabiwi humo. Ukiambiwa usome fiziolojia ya shahada ya kwanza, unailipia, unaifanyia mtihani, na krediti zako 30 zinabaki 30 vilevile. Wastani lazima usishuke chini ya 3.0 kati ya 4.0, yaani B, na C huenda isihesabiwe kabisa. Krediti za kuhamisha kutoka chuo kingine mara nyingi haziruhusiwi kuzidi 6, nazo ziwe hazijatumika kukupa shahada nyingine. Mwanafunzi wa viza ya F-1, viza ya masomo ya Marekani, ana kikwazo cha ziada: katika mzigo kamili wa muhula, somo moja tu la mtandaoni, au krediti 3, ndilo linaloweza kuhesabiwa. Ukijisajili mawili ili uokoe nauli ya basi, unaweza kupoteza hadhi ya viza.

Kuhusu tasnifu, msimamo wetu uko wazi: anayefikiria uzamivu aandike. Anayetaka kuingia kiwandani haraka, masomo 10 pamoja na mradi wa kubuni kifaa yanamtosha.

Mimi ni fundi sanifu wa vifaa tiba, nina stashahada na miaka sita kazini. Naweza kwenda moja kwa moja uzamili? Msomaji, Mwanza

Hapana, kaka. Uzamili hudai shahada ya kwanza, na uzoefu hauzibi nafasi hiyo. Njia yako ni kuomba shahada ya kwanza kwa sifa linganishi, yaani kwa stashahada badala ya kidato cha sita, ambapo stashahada yenye GPA isiyopungua 3.0 ndiyo kiwango cha chini cha kawaida. MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, wanafundisha fani hii kwa miaka minne; Makerere, Mbarara na Kenyatta nao wanayo. Ukifika kuomba uzamili, miaka hiyo sita itakuwa na thamani kubwa, hasa ukiiandika kwa vipimo: ulihudumia mashine zipi, hitilafu gani zilijirudia, na ulipunguzaje muda wa mashine kukaa bila kufanya kazi. Anza kuweka daftari hilo leo.

Je, lazima nipitie uzamili kabla ya uzamivu? Msomaji, Arusha

Ulaya na kwetu Afrika Mashariki, kwa kawaida ndiyo. Marekani, hapana: wengi huingia uzamivu na shahada ya kwanza tu, na hapo ndipo penye ufadhili. Programu za uzamivu za uhandisi tiba kwa kawaida hulipa ada na posho kupitia kazi ya utafiti au ya kufundisha, wakati uzamili mara nyingi unajilipia mwenyewe. Mwenye GPA nzuri na angalau mwaka mmoja wa utafiti asiogope kuomba uzamivu moja kwa moja. Atasoma takriban miaka mitano, afanye mtihani wa sifa, unaopima kama yuko tayari kuendelea na utafiti, katika mwaka wa kwanza au wa pili, awasilishe pendekezo la utafiti, kisha atetee tasnifu. Wengi wanaoanguka kwenye mtihani wa sifa huangushwa na maswali ya msingi ya hisabati na fiziolojia kuliko utafiti wao wenyewe.

Nina 68% kutoka chuo cha Kenya, daraja la pili la juu. Chuo cha Ujerumani kinadai 2.5 au bora zaidi. Nimefuzu? Msomaji, Mombasa

Hesabu yao ni hii: alama ya juu kabisa ya mfumo wako, toa alama yako, gawanya kwa alama ya juu kabisa ukitoa alama ya chini ya kufaulu, zidisha mara 3, ongeza 1. Kwao 1.0 ndiyo bora na 4.0 ndiyo mwisho wa kufaulu. Wakitumia 100 kuwa juu na 40 kuwa chini, 68 yako inatoka 2.6. Umekosa kwa kidogo sana, dada, na si haki, maana kwetu hakuna anayepata 100 kwa wastani wa uhandisi. Omba ofisi ya msajili barua yenye viwango vya madaraja, ionyeshe 70 ndiyo mwanzo wa daraja la kwanza na, ikiwezekana, nafasi yako darasani. Si kila chuo kitabadilisha hesabu, lakini bila barua hakuna wa kukutetea. Mtanzania mwenye 3.8 kati ya 5.0, na 2.0 ya kufaulu, hutoka 2.2.

Nasoma ng'ambo na tasnifu yangu inahitaji data za wagonjwa wa nyumbani Tanzania. Nianzie wapi? Msomaji, aliyeko Ulaya

Anza miezi mingi kabla ya tiketi ya ndege. Utahitaji kibali cha kamati ya maadili ya chuo chako, na kibali cha Tanzania kupitia NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Mtafiti asiye raia huongeza kibali cha COSTECH, tume ya sayansi na teknolojia. Zanzibar ina kamati yake, na Kenya hudai leseni ya NACOSTI, tume yake ya sayansi. Baada ya hapo hospitali yenyewe nayo itataka barua.

Kosa linalogharimu zaidi ni kuwa na kibali cha kukusanya bila mkataba wa kuhamisha data au sampuli nje ya nchi. Picha za eksirei zinabaki kwenye diski Dar es Salaam huku muhula unaisha. Kosa la pili ni kubadili kifaa katikati: uliandika kihisi fulani kwenye pendekezo, ukaja na kingine. Hilo linadai maombi ya marekebisho, na data zilizokusanywa kabla ya kuidhinishwa huenda usiruhusiwe kuzitumia. Andika aina ya kipimo na mipaka yake ya usalama kwa upana unaokubalika tangu mwanzo, utafute msimamizi mwenza aliye nchini, na jina lake liwemo kwenye maombi ya kwanza.