Maswali ya Wasomaji: Funestus Wanaogoma Kupandana Kizimbani

SWALI: Wataalamu, habari za kazi. Tunaanzisha koloni (kundi la kufugwa maabara) la Anopheles funestus, mbu waenezao malaria, waliokamatwa kwenye nyumba za bonde la Kilombero. Kizazi cha kwanza kimekua na kunyonya damu vizuri, lakini majike wachache tu wanataga, na mayai mengi hayaanguliwi. Anopheles gambiae, mbu wengine wa malaria tunaowafuga chumba hichohicho, hawana shida. Tunakosea wapi?
*Fundi wa maabara, Morogoro*

JIBU: Damu na joto viacheni kwanza. Yaelekea majike wenu hawajapandwa. Pasueni 20 waliokaa na madume wiki nzima, mtoe kifuko cha mbegu kwenye tone la maji ya chumvi, mkitazame kwa darubini. Kitupu hupenyeza mwanga. Chenye mbegu huonyesha nyuzi nyembamba zilizojiviringa.

Porini, madume hukusanyika hewani wakati wa magharibi, jua likizama, na jike huingia humo kutafuta mwenzi. Kizimba cha sentimita 30 kinawabana, na taa inayozimwa ghafla inawanyima magharibi yenyewe. Tumieni kizimba kikubwa zaidi, mwanga upungue polepole kwa nusu saa au zaidi, na madume wawe wengi kuliko majike. Dume aliyetoka kwenye pupa leo hafai leo: ncha ya tumbo lake lazima kwanza igeuke nusu duara, kazi inayochukua takriban siku nzima.

Hata hivyo watakaofaulu mwanzoni ni wachache, na ndio watakaozaa koloni lenu. Ndiyo maana mama 30 hawatoshi. Anzeni na mamia. Koloni la FUMOZ, lenye asili ya Msumbiji, linathibitisha kwamba inawezekana. Wapo wanaopandanisha kwa mkono, jike akileweshwa na dume akikatwa kichwa. Huokoa kizazi kimoja, ila haiwachagui mbu wanaoweza kupandana wenyewe kizimbani, kwa hiyo sisi hatuipendekezi kama njia ya kudumu.

Kila mama atage peke yake kwenye mrija wenye pamba mbichi na karatasi ya chujio. Msichanganye mayai kabla mzoga wake haujapimwa kwa PCR (kipimo cha vinasaba kinachotambua spishi), kwani rivulorum na leesoni, spishi nyingine za Anopheles, hufanana na funestus mno.

Viluwiluwi wasizidi 200 kwa lita moja ya maji. Wakibanana hutoka mbu wadogo, na madume wadogo hupanda kwa shida. Chakula cha samaki wa urembo kisagwe unga laini, mnyunyize kidogo. Kikizidi, utando hufunika maji na viluwiluwi hukosa hewa. Tena msiwapimie kalenda ya gambiae: hao huwa pupa kwa siku 8 hadi 10, funestus huweza kupita wiki 2.

SWALI: Gambiae wetu wa aina ya Kisumu, ambao dawa huwaua wote, sasa wengine wananusurika deltamethrini, dawa ya kuua wadudu. Wamejenga usugu?
*Mwanafunzi, Muheza*

JIBU: Si rahisi, kama hawajawahi kuguswa na dawa. Anzeni na karatasi za kipimo zilizotiwa dawa: muda wake umeisha, au zimetumika zaidi ya mara 6? Zikiwa nzima, basi kuna mbu sugu aliyepenya kutoka kizimba cha jirani. Pimeni spishi na jeni ya kdr, inayoleta usugu kwa dawa kama deltamethrini. Ikithibitika, ueni koloni lote na muombe mayai mapya. Kuchambua mmojammoja ni kupoteza muda. Kuanzia hapo aina isiyo na usugu ihudumiwe kwanza kila asubuhi, kwa mrija wake wa kunyonyea mbu na mabeseni yake.